Nyumba kwa Nyumba: Nusu Karne ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi chini ya shirikisho lao la AMECEA, waliamua kwamba kujenga jumuiya ndogo za Kikristo ndiyo kazi ya kwanza ya kichungaji katika nchi zao. Baada ya nusu karne ni vigumu kumpata Mkatoliki wa Tanzania au Kenya asiyejua jumuiya yake iko mtaa gani, somo wake ni mtakatifu yupi na mwenyekiti wake ni nani, hata kama mwenyewe huonekana huko kwa nadra. Desturi ya kuadhimisha taasisi ni kuyasifu maazimio na walioyapitisha, na heshima hiyo wanaistahili. Hata hivyo maazimio ya mikutano ya Kanisa ni mengi, na mengi yamelala makabatini bila kumsumbua mtu. Inafaa kuuliza kwa nini hili moja lilitoka kwenye karatasi likaingia majumbani. Jibu linalotetewa hapa ni kwamba jumuiya imedumu kwa nguvu ya ratiba yake ya kila wiki: siku inayojulikana, zamu inayozunguka nyumba kwa nyumba, na wajibu kwa mgonjwa na kwa marehemu usiosubiri ruhusa ya paroko. Pale mambo hayo matatu yalipotunzwa jumuiya iko hai. Pale yalipoachwa, limebaki jina na daftari la michango.

Mizizi ya jambo hili ni mirefu kuliko mwaka 1976. Mapadre wa White Fathers walifika Buganda mwaka 1879, wakaondoka mwishoni mwa 1882 kwa hofu ya usalama wao, na hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu waumini wachanga, wengine wakiwa bado wakatekumeni, walibaki bila padre, bila Misa na bila kitubio. Kwa hesabu ya kawaida ya utawala wa Kanisa kundi hilo lilipaswa kusambaratika, lakini liliongezeka. Joseph Mukasa Balikuddembe aliwaongoza vijana wa ikulu ya Kabaka, Andrea Kaggwa alifundishia nyumbani kwake, na huko Mityana nyumba ya Matia Mulumba ilikuwa mahali pa sala na mafundisho. Mateso yalipowapata mwezi Novemba 1885 yakafikia kilele Namugongo tarehe 3 Juni 1886, waliokufa walikuwa watu waliokwisha kuzoea kuisimamia imani yao wenyewe. Habari za mashahidi wa Uganda husimuliwa zaidi kama habari za ushujaa wa saa ya mwisho, na ni kweli ulikuwepo. Kwa mwanahistoria wa taasisi, miaka iliyotangulia ina uzito uleule, maana inaonyesha kwamba Ukatoliki wa sehemu hizi ulikua mapema sana ndani ya nyumba za walei waliokutana kwa mpango.

Mfumo wa vigango uliofuata uliendeleza sura hiyo kwa njia nyingine. Misheni moja ilihudumia eneo ambalo padre hulimaliza kwa siku nyingi za kutembea, na vijiji vingi vilimwona mara chache kwa mwaka. Aliyekuwepo kila Jumapili ni katekista. Ndiye aliyepiga kengele au ngoma, akaongoza sala, akafundisha katekisimu, akabatiza watoto walio katika hatari ya kufa na kuzika wafu. Palikuwa na kasoro moja kubwa: kila kitu kilimtegemea yeye, na waumini wengine walikuwa wasikilizaji. Jumuiya ndogo ndogo zilipokuja hazikumwondoa katekista. Zilichukua kazi alizozibeba peke yake zikazigawa kwa watu wa mtaa mzima.

Mageuzi yenyewe yalianza kuonekana mapema katika miaka ya 1960. Maaskofu wa Kongo, wakikutana Léopoldville mwaka 1961, walichagua jumuiya hai kuwa msingi wa uchungaji wao, na katika muongo uliofuata Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa akawakabidhi walei waliooa, walioitwa bakambi, uongozi wa parokia zisizo na padre mkazi. Upande wa Tanzania, katika parokia ya Nyarombo, Mara Kaskazini, wamisionari wa Maryknoll walichunguza jinsi makanisa huru ya Waluo yalivyowaunganisha watu wachache waliojuana kwa majina, wakajifunza kwao. Tarehe hizi zinajibu dai linalorudiwa mara nyingi kwamba jumuiya zetu ni nakala ya zile za Amerika ya Kusini. Mkutano wa Medellín, uliozipa jumuiya za Brazil na jirani zake umaarufu duniani, ulifanyika mwaka 1968, miaka saba baada ya uamuzi wa Kongo. Nia pia zilitofautiana. Kule swali kubwa lilikuwa ukandamizaji na umaskini wa wakulima mbele ya wenye ardhi. Huku swali lilikuwa namna ya kulifanya Kanisa liwe la wenyeji kwa uongozi, kwa lugha na kwa fedha, wakati nchi zenyewe zilikuwa zimetoka tu kupandisha bendera zao. Kuathiriana kulikuwepo baadaye, kwa vitabu na kwa semina, lakini chimbuko ni mbalimbali.

AMECEA, iliyoanza mwaka 1961 kwa jina jingine, ilikutana mwaka 1973 kupanga Kanisa la miaka ya 1980. Hapo ndipo ilipotamka wazi kwamba Kanisa la mahali lazima lijihudumie, lijieneze na lijitegemee, na kwamba hilo haliwezekani bila jumuiya ambamo watu wanafahamiana katika maisha ya kila siku. Mkutano wa 1976 ukaigeuza fikra hiyo kuwa kipaumbele, na ule wa Zomba, Malawi, mwaka 1979 ukapima yaliyokwisha kufanyika. Mtanzania akisikia neno kujitegemea hawezi kuacha kukumbuka Azimio la Arusha la 1967, na hapo ndipo penye pingamizi la pili: je, jumuiya haikuwa ujamaa uliovaa msalaba, na mwenyekiti wake balozi wa nyumba kumi kwa jina jipya? Ukaribu ulikuwepo na hapana haja ya kuukana. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda kuishi na kufanya kazi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akiamini kwamba kushirikiana mali na jasho ni sura ya maisha ya Utatu Mtakatifu. Mazoea ya kukutana kwa nyumba chache chini ya kiongozi aliyechaguliwa yalikuwa yameenezwa tayari na mfumo wa TANU. Lakini mtihani wa nakala ni kuondolewa kwa kielelezo chake. Vijiji vya ujamaa vilikwisha kama sera, nyumba kumi kumi zikapoteza nguvu baada ya siasa za vyama vingi kurudi, na jumuiya haikutetereka. Isitoshe ilistawi Kenya, ambako ujamaa haukuwahi kuwa sera ya serikali kwa namna ya Tanzania. Nako Malawi dola liliiona kuwa tishio: Askofu Patrick Kalilombe wa Lilongwe, mmoja wa waliozitetea jumuiya kwa ufasaha mkubwa, alilazimika kuondoka nchini mwaka 1976 wakati utawala wa Rais Banda ulipoushuku mpango wake wa vikundi vidogo. Taasisi iliyodhaniwa tawi la siasa katika nchi moja na adui wa siasa katika nchi nyingine haikuwa mali ya upande wowote.

Ili kuelewa iliponusurikia, lazima kuitazama wiki yenyewe. Jumapili ni ya parokia au kigango: Misa, mahubiri, sadaka, matangazo marefu, kisha vikao vya vyama na kamati nje ya kanisa. Siku za kati zina ratiba yake: kwaya hufanya mazoezi jioni mbili au tatu, wakatekumeni na watoto wa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara hufika kwa mafundisho, Legio ya Maria huwa na kikao chake cha juma. Jumuiya nayo ina siku yake. Mijini mara nyingi ni Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika sokoni na kazini, na vijijini ni alasiri baada ya shamba. Hukutana nyumbani kwa mwanajumuiya ambaye zamu imemfikia. Viti na mikeka hutolewa uani, meza ndogo hutandikwa kitambaa, msalaba na mshumaa huwekwa juu yake. Mei na Oktoba ni miezi ya Rozari, na Kwaresima huongeza Njia ya Msalaba kila Ijumaa. Hakuna anayehitaji kualikwa. Kutangazwa Jumapili kwamba wiki hii jumuiya inasali kwa familia fulani ndio mwaliko, na ndio pia taarifa kwa mwenye nyumba kwamba mlango wake siku hiyo ni wa wote.

Ndani ya saa moja au zaidi kidogo mambo hufuata utaratibu unaojulikana hata kwa watoto. Kwanza sala na wimbo, kisha somo la Injili ya Jumapili inayokuja. Jumuiya nyingi hutumia hatua saba zilizoandaliwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, kazi ya Fritz Lobinger na Oswald Hirmer: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia neno au fungu lililomgusa mtu, kunyamaza, kushirikishana, kuangalia kazi ya kufanya, na kusali kwa maneno ya mtu mwenyewe. Hatua ya sita ndiyo inayoitofautisha jumuiya na darasa la Biblia. Hapo huulizwa nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto gani amekosa sare, ndoa ipi inahitaji wazee, bibi gani paa lake linavuja, na watu hutajwa watakaokwenda na siku watakayokwenda. Juma linalofuata hutolewa taarifa. Kenya, kampeni ya Kwaresima ya Tume ya Haki na Amani imepeleka kwenye vikao hivi mada za rushwa, ardhi, uchaguzi na usalama, kila juma mada moja, kwa mpango wa kutazama, kupima kwa Neno na kutenda. Kwa njia hii mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya kadamnasi hujikuta ameeleza Injili mbele ya majirani, ameongoza kikao, ameandika mihutasari na kutunza hesabu. Katika historia ya elimu ya watu wazima ya nchi zetu, shule hii isiyo na jengo haijapewa ukurasa wake.

Penye uzito kuliko pote ni ugonjwa na msiba. Mgonjwa wa jumuiya hupata watu wa kumtembelea kwa zamu, na katekista au padre huitwa kwa Mpako kwa sababu yupo aliyejua mapema kwamba hali imebadilika. Akifa mtu, jumuiya ndiyo huwa ya kwanza kufika. Husali usiku kucha pale watu wanapokesha matangani, huratibu mchango, huteka maji, hupika, hupanga masomo na nyimbo za mazishi, na siku za baadaye hurudi kwa mjane wakati ndugu wa mbali wameshaondoka. Kwa mhamiaji wa mjini, ambaye ukoo wake uko mamia ya kilomita mbali, jambo hili si la pembeni katika dini. Kijijini ukoo ulimhakikishia mtu kwamba hatazikwa peke yake. Mjini jumuiya ndiyo imelibeba jukumu hilo. Ndiyo maana watu huvumilia viongozi wasiowapenda, vikao virefu na michango isiyokwisha: wanajua siku yao ipo. Baada ya Sinodi ya Afrika ya 1994, waraka wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka uliofuata, Ecclesia in Africa, uliliita Kanisa Familia ya Mungu. Maneno hayo yalikuwa na mahali pa kutua kwa sababu familia hiyo ilikuwa imekwisha kuzika, kulisha na kupatanisha.

Hapo wakosoaji huuliza swali gumu, na wana haki. Wanasema mfumo huu umegeuka mkono wa utawala wa parokia. Mzazi anayetaka mtoto abatizwe, wachumba wanaotaka kutangazwa, familia inayotaka Misa ya mazishi, wote hudaiwa barua ya mwenyekiti wa jumuiya, na mwenyekiti hufungua daftari la zaka na michango ya ujenzi kabla ya kutia saini. Malalamiko haya si ya kubuni, na kuyajibu kwa kusema kwamba Kanisa linahitaji fedha ni kukwepa. Jibu lenye haki ni kutenganisha mambo mawili. Barua yenyewe ina maana: padre mwenye maelfu ya waumini hawezi kumjua kila mmoja, na majirani ndio wanaoweza kushuhudia kwamba wachumba hawa hawana ndoa nyingine au kwamba mtoto huyu atalelewa katika imani. Huo ni ushuhuda wa watu wanaofahamiana, ule ule uliokusudiwa mwaka 1973. Kosa huanza ushuhuda unapogeuzwa stakabadhi, kwa sababu hapo jumuiya hutumia dhidi ya maskini uhusiano uliojengwa kwa ajili yake. Kujitegemea kwa Kanisa hakukuwahi kumaanisha kwamba asiyejiweza azuiliwe sakramenti. Papa Paulo VI, katika Evangelii Nuntiandi ya 1975, alizipa jumuiya hizi sharti la kubaki zimeshikamana na Kanisa la mahali. Ni haki kudai pia kinyume chake: Kanisa la mahali lisizitumie kama vituo vya makusanyo tu.

Pingamizi jingine ni kwamba jumuiya ni shughuli ya akina mama. Anayepita mtaani wakati wa sala atahesabu vitenge vingi na mashati machache, na mara nyingi mashati hayo yamekalia kiti cha uenyekiti. Mwanamke huandaa nyumba, husoma Neno, hutembelea wagonjwa na kukusanya mchango, halafu uamuzi hufikishwa kwenye Halmashauri ya Walei na mwanamume. Hali hii ni udhaifu wa kweli, lakini haithibitishi kwamba taasisi ni dhaifu. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania ulioanzishwa mwaka 1972, na mwenzake wa Kenya, CWA, viliwafundisha wanawake kuongoza wenzao. Jumuiya iliwapa uwanja wa kuongoza mchanganyiko wa wanawake, wanaume na vijana, jambo ambalo ngazi nyingine za Kanisa hazikuwa nalo. Leo wapo makatibu, wahazini na wenyeviti wanawake katika jumuiya nyingi, na walipata imani ya watu kwa kazi iliyoonekana juma hadi juma. Anayetaka wanaume warudi hana haja ya kuilaumu ratiba. Aiangalie saa ya kikao na aina ya kazi zinazogawiwa, maana mwanamume aliyepewa jukumu la kupatanisha wagomvi wa mpaka au kusimamia kaburi huwa hakosi.

Pingamizi zito kuliko yote lilitoka Rwanda. Sinodi ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili 1994, siku chache baada ya mauaji ya kimbari kuanza katika nchi ambamo Wakatoliki walikuwa wengi na jumuiya zilikuwepo. Watu waliosali pamoja waliuana, wengine ndani ya makanisa kama Nyarubuye na Ntarama. Askofu Albert Obiefuna wa Nigeria aliieleza Sinodi kwamba mara nyingi damu ya ukoo imeushinda ubatizo. Hakuna sifa ya jumuiya inayoweza kulifuta hilo, na mwandishi wa kumbukumbu anayeliruka anaandika tangazo. Somo lake ni kwamba kukutana peke yake hakutoshi. Kikao kinachoishia kwenye sala na mchango, bila hatua ya kupima maisha ya mtaa kwa Injili, kinaweza kukaa jirani na chuki kwa miaka bila kuigusa. Tena jumuiya ni pana kama mtaa wake tu, na mtaa wa kabila moja hutoa jumuiya ya kabila moja. Kenya ilionja jambo hilo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Huko Eldoret kanisa kuu la Moyo Mtakatifu lilihifadhi maelfu ya waliofukuzwa makwao, na Askofu Cornelius Korir akaanzisha kazi ya upatanisho iliyokuja kujulikana kama Amani Mashinani: kila upande kwanza ulizungumza peke yake, kisha watu wachache wa pande mbili, kisha vijiji vizima, na baadaye kazi za pamoja. Njia hiyo ilitumia silaha zilezile za jumuiya, yaani udogo wa kikao, kurudiarudia na kufahamiana. Tofauti ni kwamba ilivuka mpaka ambao jumuiya ilikuwa imeuacha kama ulivyo.

Mwaka 2020 ulileta jaribio la aina nyingine. Kenya ilipofunga nyumba za ibada mwezi Machi kwa sababu ya korona, jumuiya nyingi zilihamia kwenye makundi ya WhatsApp. Sala zilitumwa, masomo yakasomwa kwa sauti zilizorekodiwa, michango ikapita kwa M-Pesa. Utawala wa jumuiya uliweza kuhamia kwenye simu bila shida. Lakini kuingia nyumba ya mtu na kuona mwenyewe kwamba jiko halijawashwa hakukuweza kuhamia huko. Jambo hilo linapaswa kuzingatiwa sasa ambapo maghorofa yenye walinzi mlangoni na saa ndefu za kazi zinawafanya wengi waiombe jumuiya iwe kundi la ujumbe na namba ya malipo.

Ndiyo maana maadhimisho haya yana deni la vitendo. Parokia inayotaka kuheshimu uamuzi wa 1976 inaweza kuanza na mambo yaliyo ndani ya uwezo wake: barua ya mwenyekiti ishuhudie maisha ya mtu na iachane na madeni yake, kikao kiwekwe saa ambayo mfanyakazi wa zamu na kijana wa chuo wanaweza kufika, zamu ifike pia kwenye chumba kimoja cha kupanga ambacho mwenyewe huona haya kukikaribishia wageni, na mahali ambapo mtaa umejitenga kwa kabila au kwa kipato, jumuiya mbili zisali pamoja mara kwa mara. Paroko naye akae mkekani katika kila jumuiya walau mara moja kwa mwaka, asikilize hatua ya sita kabla ya kusema lolote. Historia ya miaka hamsini inaonyesha kwamba taasisi hii haikuwahi kuokolewa na waraka wala kuuawa na upungufu wa mapadre. Ilichotegemea wakati wote ni watu wa mtaa mmoja kukubali kwamba kila juma watakuwa na kazi ya kufanyiana, na kurudi juma linalofuata kusema kama waliifanya.